Je, Wajua? Mnazi Hubaki Pwani, Mkindu Hupanda Mlima

Je, wajua kwamba kisiwani Mafia, hata usiku wa Julai ambao wenyeji hujifunika gubigubi, joto halishuki sana chini ya nyuzi 20? Mnazi umezoea hali hiyo. Hustawi zaidi pale wastani wa mwaka unapokuwa nyuzi 27 au 28, na Mafia, yenye mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka, inaupa karibu kila unachotaka. Joto likikaa chini ya nyuzi 20 kwa wiki nyingi, makuti mapya hutoka kwa kusuasua na vidaka hupukutika kabla ya kuwa vitale.

Ndiyo maana nasikitika nikiona nazi zilizochipua zikipakiwa Kilindoni kuvuka kwenda Nyamisati, safari yao ikiwa ni ya Njombe, Mafinga au Arusha. Aliyezaliwa kisiwani akajenga bara anatamani kuona kuti likipepea nje ya dirisha lake. Hamu hiyo ni halali, na inatimizika. Lakini haitimiziki kwa mnazi, na safu ya leo ni kwa ajili ya wote wenye hamu hiyo.

Je, wajua kwamba kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi? Kilindoni iko karibu sawa na bahari. Lushoto iko mita 1,400 hivi, Nairobi 1,700 hivi, Njombe inakaribia 2,000, na Limuru inazidi hapo. Hata karibu na ikweta, minazi ya biashara haishauriwi kupita mita 600 hivi. Juu zaidi mche unaweza kuishi, hata ukarefuka, lakini kole la nazi usilitarajie.

Je, wajua kwamba mnazi una sehemu moja tu ya kukulia? Mwembe ukiukata kichwa huchipua ubavuni. Mnazi hauna chipukizi la akiba. Ukuaji wake wote umo ndani ya shaha, lile jeupe tamu lililofichwa katikati ya makuti machanga. Chonga, yule mdudu wa minazi, akilitoboa, au baridi ikaligandisha, mti umekwisha, hata kama shina litasimama miezi kadhaa likiwadanganya wapita njia.

Shina la mnazi halizibi jeraha. Ngazi zilizochongwa na mkwezi hubaki vilevile mpaka mkwezi mwenyewe azeeke. Wala halina pete za miaka, kwa hiyo umri wake hauhesabiki kama wa mkongo au mvule.

Je, wajua kwamba mnazi ni ndugu wa nyasi, mahindi na migomba zaidi kuliko wa mwembe? Ukoo wake una spishi karibu 2,600 duniani, na nyingi mno zinaishi katika joto na unyevu. Zinazovumilia barafu ni chache. Chache hizo ndizo za kutafutwa na mtu wa nyanda za juu, na mojawapo inaota Mafia yenyewe.

Nayo ni mkindu.

Je, wajua kwamba mkindu uleule ambao kina mama wa Mafia wanakata majani yake kwa ajili ya mikeka huota kuanzia usawa wa bahari hadi karibu mita 3,000? Wataalamu wanauita Phoenix reclinata. Ni ndugu wa mtende, na kwao ni karibu Afrika nzima kusini mwa Sahara, pamoja na Madagaska, Komoro na pembe ya kusini magharibi ya Bara Arabu. Hauchagui sana udongo. Hupenda maji karibu na mizizi lakini huvumilia ukame ukishakuwa mkubwa. Na una kitu ambacho mnazi hauna: hutoa machipukizi chini, shina baada ya shina, mpaka unakuwa kichaka kizima chenye mashina yaliyoinama huku na huku. Baridi ikiunguza shina moja, mengine yapo. Mkindu uliokomaa hustahimili hata usiku wa nyuzi chache chini ya sifuri, mradi usiwe mfululizo. Majani yataungua, na mvua ikirudi mti utaanza tena.

Inaniuma kwamba kisiwani tunauona mkindu kama mti wa kukatwa tu. Mnazi una mwenyewe, una bei, unarithiwa. Mkindu ni wa porini, mwenye haja huchukua. Lakini ukisimama kwenye vinamasi vya Amboseli, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, penye usiku wa baridi na Kilimanjaro mbele yako, mti uliosimama majini pamoja na tembo ni huohuo mkindu. Mnazi hutauona.

Waganda nao husuka mikeka ya mkindu, kwenye nyanda zenye urefu kama wa Amboseli. Na katika miji mingi ya bara, matawi yanayoinuliwa na Wakristo siku ya Jumapili ya Matawi ni ya mkindu.

Je, wajua kwamba kuna mmea mwingine wa Mafia wenye ndugu mlimani? Unaitwa Erica mafiensis, kichaka chenye majani madogo membamba, kinachoota kwenye nyika za mchanga za kisiwa hiki. Kipo pia kwenye msitu wa Ngezi, Pemba. Jamaa zake wa karibu wanaota Kilimanjaro, juu ya mstari wa msitu, mita 3,000 na zaidi. Jina la kisiwa chetu limo katika vitabu vya mimea kwa sababu ya kichaka ambacho wengi wetu tunakipita bila kukitazama.

Mkeka mmoja unahitaji majani mangapi ya mkindu? Inategemea msukaji, lakini jambo la kujua ni hili: majani yanayotakiwa ni yale machanga, ambayo bado hayajafunguka. Huanikwa, huchanwa chane, mengine hutiwa rangi, kisha husukwa ukili, na ukili ndio unaoshonwa kuwa mkeka. Kila jani changa linalokatwa ni jani ambalo mti ulikuwa unalitegemea. Kukata moja na kuacha yanayofuata ni kuuheshimu mti. Kukata kila linalochomoza ni kuumaliza polepole.

Majamvi na vikapu vigumu, kwa upande wake, hutokana na miyaa, majani ya mkoma. Mkoma, ambao pwani ya Dar es Salaam unajulikana zaidi kama mkoche, una ajabu yake: shina lake hugawanyika kuwa matawi mawili, kisha kila tawi hugawanyika tena. Katika ukoo mzima wa mnazi, miti inayofanya hivyo ni michache mno. Ni mzuri kwa bustani kavu yenye joto. Usiupeleke Njombe.

Je, wajua kwamba mvumo huzama ardhini kabla ya kupanda? Mbegu yake ikiota, kwanza hutuma kikonyo chini kabisa kwenye udongo, na jani huja baadaye sana. Kwa sababu hiyo mche wa mvumo hauhamishiki. Aupendaye na apande mbegu palepale anapotaka mti uwe, katika ardhi ya joto, kisha awe na subira ya miaka mingi.

Na mpopoo? Mpopoo, unaotoa popoo za kutafunwa na tambuu, ni mwembamba, mzuri, na hauwezi baridi hata kidogo. Yamekwisha.

Je, wajua kwamba Pemba ina mti wake wa ukoo huu usioota kwa asili mahali pengine popote? Ni mpapindi wa Ngezi, ambao wataalamu waliuita Dypsis pembana. Mashina yake membamba yenye pete huwavutia wakusanyaji wa miti ya bustani kutoka nchi za mbali. Kwa Mafia, Tanga au Mombasa ungependeza sana uani. Kwa Mufindi, hapana.

Mnazi wenyewe si mwenyeji wa Mafia tangu mwanzo. Mwaka 2011 watafiti Bee Gunn, Luc Baudouin na Kenneth Olsen walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya minazi ya dunia. Waliona asili mbili: moja ya Pasifiki, nyingine ya Bahari ya Hindi. Minazi ya Madagaska na ya mwambao wa Afrika Mashariki ilionyesha mchanganyiko wa zote mbili, jambo linaloendana na safari za kale za mabaharia waliotoka visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki. Mnazi wa Mafia, kwa hiyo, umebeba ndani yake historia ya bahari nzima. Ni mti uliosafiri kwa maji, kutoka pwani ya joto hadi pwani ya joto. Haukuwahi kulazimika kujifunza baridi.

Je, wajua kwamba mnazi hupenda chumvi? Klorini ni chakula chake kikubwa, na huko Ufilipino wakulima wa minazi iliyo mbali na bahari hushauriwa kuweka chumvi ya kawaida kama mbolea. Mafia upepo wa bahari unafanya kazi hiyo bure. Ukipanda mnazi Iringa, umeunyima joto na chumvi kwa pamoja.

Tangu ua kufunga hadi nazi kukauka ni karibu miezi 12. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi: safari yote hiyo inataka mwaka usio na msimu wa baridi ndani yake. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, na mnazi mfupi miaka mitatu au minne. Hesabu hiyo ni ya pwani.

Karne ya kumi na tisa mashamba makubwa ya minazi ya Mafia, hasa upande wa kusini, yalimilikiwa na Waarabu kutoka Oman, na makao ya utawala yalikuwa Chole. Mwaka 1890, kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani, Mafia ikawa ya Wajerumani huku Unguja na Pemba zikiwa chini ya Waingereza. Mwaka 1913 Wajerumani wakahamishia makao Kilindoni. Tawala zilipita, mnazi ukabaki kuwa mali. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza kuishi na kuandika Kanga, kaskazini mwa kisiwa, katika miaka ya 1960, alieleza jinsi ardhi inavyoweza kuwa ya ukoo wakati minazi iliyosimama juu yake ni ya mtu mmoja mmoja. Anayeelewa hilo ataelewa kwa nini mtu wa Mafia akihama anataka kuhama na mnazi: si pambo tu, ni hati ya kuwa na kwao.

Je, wajua kwamba Oman kuna pwani ya minazi? Si Muscat, ni Salalah, kusini, katika jimbo la Dhofar. Kati ya Juni na Septemba pepo za msimu huleta manyunyu na ukungu, na milima hugeuka kijani. Minazi, migomba na mipapai hukubali huko, na madafu huuzwa vibandani kando ya barabara. Mitende, fahari ya Oman yote iliyobaki, haipatani vizuri na unyevu huo.

Mafia nako ni vivyo hivyo. Mtende huvumilia baridi kuliko mnazi, hata nyuzi kadhaa chini ya sifuri, lakini kuivisha tende unahitaji kiangazi kirefu cha joto kali na hewa kavu. Mvua zetu zinaozesha matunda kabla hayajaiva. Ukiupanda kwa kivuli na sura, sawa. Ukiupanda kwa futari, nunua tende.

Sasa tutoke Afrika, kwa ajili ya ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini.

Je, wajua kwamba upo mti wa ukoo huu unaovumilia nyuzi 15 chini ya sifuri? Kwao ni Uchina, na jina lake la kitaalamu ni Trachycarpus fortunei. Shina lake limevikwa nyuzi nzito za rangi ya kahawia, na Wachina kwa karne nyingi walizifuma kuwa makoti ya mvua, kamba na mafagio. Mskoti Robert Fortune alipeleka miche Uingereza, na mwaka 1851 mmoja ulipandwa katika bustani ya Malkia Victoria huko Osborne, kisiwani Wight. Leo unaota nje, bila banda la kioo, katika bustani za London na hata ufukweni Vancouver, Kanada. Kusini mwa Uswisi umejipandikiza wenyewe msituni. Kama unaishi Birmingham au Rotterdam na unataka kuona jani la kwenu likipepea nje, tafuta huo. Jani lake ni la mviringo wa kipepeo cha mkono, si refu kama kuti, lakini ni wa ukoo wa haki, na utakuzika wewe kabla haujafa.

Mgumu kuliko wote kwa baridi, kwa hesabu za wengi, ni mfupi wa kusini mashariki mwa Marekani, Rhapidophyllum hystrix, wenye miiba mirefu mieusi. Umepita baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Hukua taratibu mno, kwa hiyo ununue ulio mkubwa kadiri ya mfuko wako.

Bara la Ulaya nalo lina wa kwake wa asili, Chamaerops humilis, unaoota Hispania, Italia na pwani za jirani. Katika bustani ya mimea ya Padua kuna mmoja uliopandwa mwaka 1585. Mshairi Goethe aliutazama mwaka 1786, na mawazo aliyoyapata juu ya majani yake yaliingia katika maandishi yake kuhusu ukuaji wa mimea. Bado uko hai.

Je, wajua kwamba ule mrefu kuliko yote katika ukoo huu, Ceroxylon quindiuense wa Kolombia, unaofika mita 60, huishi kwenye ubaridi wa milima ya Andes na huteseka ukishushwa pwani ya joto? Kila mti una kwao. Mwenye bustani hachagui mti tu. Anachagua nyumbani kwa mti.

Tahadhari: si kila chenye sura ya mnazi ni mnazi. Miti iliyo maarufu kando ya maji huko Plockton, Uskoti, ambayo wageni hupigia picha wakiiita minazi, ni Cordyline australis kutoka New Zealand, jamii nyingine kabisa. Ule mti wa hotelini Dar es Salaam na Unguja uliopangwa kama kipepeo kikubwa ni Ravenala ya Madagaska, ndugu wa mbali wa mgomba. Na mtapo wa mwambao wetu, ambao wazee walikula unga wake wakati wa njaa baada ya kuuondoa sumu, ni mmea wa ukoo mkongwe kuliko wa mnazi na hauhusiani nao kabisa. Muuzaji akikwambia vingine, muulize jina la kitaalamu.

Je, wajua kwamba kinachoua mara nyingi si baridi peke yake, ni baridi pamoja na maji? Maji yakituama katikati ya majani machanga wakati wa ubaridi, shaha huoza. Mti uleule katika baridi kavu ungepona. Kwa hiyo udongo wa bustani ya nyanda za juu, ambao mara nyingi ni mfinyanzi mzito, uchanganywe na mchanga mwingi na kokoto, na mahali pa kupandia painuliwe kidogo juu ya usawa wa ardhi. Ulaya, wakati wa majira ya baridi, wenye uzoefu hukusanya majani na kuyafunga juu ili kukinga shaha lisilowe.

Sakitu, umande ulioganda alfajiri, haiangukii popote tu. Hewa baridi ni nzito. Usiku wa anga safi hutiririka kutoka mlimani na kulala bondeni. Mti uliopandwa kwenye mteremko unaweza kupona usiku ambao wa chini bondeni umeungua. Januari 2012 sakitu iliunguza chai Kericho na Nandi. Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania hatari ni Juni na Julai. Panda mwanzo wa mvua, ili mche upate miezi ya kushika kabla ya msimu huo.

Na ukuta upi? Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Ulaya, na vinasema panda mbele ya ukuta unaotazama kusini. Njombe ifanye kinyume. Sisi tuko kusini ya ikweta, na Juni jua liko kaskazini yetu. Ukuta unaotazama kaskazini ndio utakaoota jua mchana kutwa na kuurudishia mti joto usiku. Nimeona watu wenye akili wakifuata kitabu cha Kiingereza na kuuweka mche wao kivulini miezi yote ya baridi.

Mche mchanga ni dhaifu kuliko mti mzima, siku zote. Uweke kwenye chungu barazani miaka miwili au mitatu, uzoee, kisha uuhamishie ardhini. Usiku wa sakitu ufunike kwa gunia, na asubuhi uliondoe.

Mbegu za mkindu ziwe mbichi. Okota matunda yaliyoiva rangi ya chungwa, ondoa nyama yake, loweka siku moja au mbili, panda kwenye mchanga wenye unyevu na joto. Zitaota kati ya mwezi mmoja na mitatu. Usizichukue kwenye bustani ya mjini yenye mitende ya kila aina, kwa sababu mkindu huzaana na ndugu zake kirahisi, na utakachopata huenda kisiwe mkindu. Ukitaka matunda panda kadhaa, kwani miti dume na jike ni tofauti. Na uweke mbali na njia ya watoto: vijani vya chini ya kuti lake ni miiba mikali inayotoboa hata kandambili.

Kwa aliye nje ya Afrika neno moja zaidi: huko Florida mkindu umetoroka bustanini na kuingia porini, hata ukaorodheshwa kama mmea vamizi. Panapokuwa na onyo hilo, chagua mwingine.

Nyumba ya ghorofa, bila bustani? Nazi iliyochipua inayouzwa kwenye chungu katika maduka ya Ulaya haidumu. Hewa kavu ya vipasha joto na mwanga hafifu huimaliza ndani ya mwaka au miwili. Nunua Howea forsteriana, kutoka kisiwa cha Lord Howe cha Australia. Huvumilia mwanga mdogo na chumba cha nyuzi 10, na kuti lake linainama kwa upole unaofanana sana na wa mnazi mchanga.

Je, wajua kwamba upepo si adui mkubwa? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, kila mtu alikumbushwa jinsi mnazi ulivyoumbwa. Shina lake limejaa nyuzi zilizotawanyika badala ya gogo gumu la katikati, nalo hupinda na kurudi. Makuti yakipasuka, mapya huja, karibu moja kila mwezi. Adui wa kuogopa ni yule anayeingia kimya kimya.

Mfano ni mdudu mwekundu wa mitende, Rhynchophorus ferrugineus. Katika miaka ya 1980 aliingia nchi za Ghuba, na miaka ya 1990 akafika Hispania, akisafiri ndani ya miti mikubwa iliyouzwa kwa bustani na hoteli. Alipofika, mitende ya Kanari iliyopamba miji ya Mediterania ilianguka kwa maelfu. Mabuu yake hula ndani, na mwenye mti hujua wakati kichwa kimeshalegea. Mti mzima kutoka nchi nyingine, hata uwe mzuri kiasi gani, ni hatari. Mbegu iliyosafishwa ni salama zaidi, na ivukapo mpaka iwe na cheti cha afya ya mimea: Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Kenya na shirika la KEPHIS.

Basi kwenu ndugu wa Mafia mlioko kisiwani: mjukuu wa Njombe akiomba mti wa kwao, msimtumie nazi. Mchumieni mbegu za mkindu, mfuko mdogo unatosha, mpelekeeni kabla hazijakauka. Na mnapokata ukindu wa mikeka, acheni shaha na majani mawili machanga juu ya kila shina, ili mbegu ziwepo na mwakani.